Kujiongoza katika mapango ya Mlima Elgon: mwongozo kamili kutoka Kitale hadi mdomo wa Kitum

Mgeni anayekwenda Mlima Elgon kwa mara ya kwanza mara nyingi huwa amekwisha kulichora pango kichwani kabla hajaliona. Hulichora likiwa la mawe ya chokaa, lenye michirizi ya mawe inayoning'inia darini kama mishumaa, lenye taa za umeme, njia ya saruji na kibao cha maelezo kila baada ya hatua chache. Kenya ina mapango ya chokaa, lakini yako pwani, kama yale ya Shimoni, ambako mwamba ni matumbawe ya kale yaliyoliwa na maji. Mapango ya Elgon ni ya namna nyingine kabisa. Mlima huu ni volkano iliyozimika zamani, na mapango yake yamechimbika katika majivu na vipande vya mawe vilivyotapikwa na volkano hiyo, kisha vikashikamana na kuwa mwamba. Hutaona michirizi ya chokaa, wala taa, wala saruji. Utakachoona ni ukuta uliochimbwa na ndovu kwa pembe zao, na hilo ni nadra mno duniani.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda kwa mwendo wake mwenyewe, bila kampuni ya utalii inayomwambia ashuke hapa na apande pale. Kujiongoza kuna raha yake, kwa kuwa unakaa panapokuvutia na kuondoka unapotosheka. Lakini anayejiongoza amejitwika kazi ya kiongozi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujua mahali pa kusimama. Katika mapango haya, msimamo wangu ni mmoja, na nitaueleza kwa kirefu: tazama pango kutoka mdomoni, na usivuke mahali mwanga wa mchana unapokoma.

Kwanza, elewa unachokwenda kutazama

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, ilitangazwa mwaka 1968. Ina eneo la kilomita za mraba 169 na iko katika Kaunti ya Trans Nzoia. Kilele cha juu kabisa cha mlima, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda, na kwetu kinachojulikana zaidi ni Koitobos, chenye mita 4,222. Mapango yako chini sana ya vilele hivyo, katika ukanda wa msitu, na ndiyo maana mtu asiye mpanda milima anaweza kuyafikia kwa urahisi. Yanayotajwa zaidi ni manne: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum limeingia mlimani takriban mita 200, nalo Makingeny ndilo kubwa zaidi.

Swali la kujiuliza kabla ya kufunga mkoba ni hili: ndovu wanafuata nini pangoni? Mlima huu hupata mvua nyingi, na mvua hiyo kwa maelfu ya miaka imezisomba chumvi kutoka kwenye udongo, kwa hiyo majani na maji ya vijito hayampi mnyama chumvi ya kumtosha. Mwamba wa mapangoni, uliokingwa na mvua, bado unayo, hasa chumvi za sodiamu. Ndovu wa Elgon wamejifunza kuingia mapangoni usiku, wakifuatana, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza totoro, kisha kuubomoa ukuta kwa pembe na kuyasaga mawe kwa magego. Hata watoto wao huingia nao. Nyati, pongo na kuro nao hufika kulamba. Wenyeji wa mlima huu, Wasabaoti, walichimba mwamba huo kwa ajili ya mifugo yao, na baadhi ya koo ziliishi ndani ya mapango pamoja na ng'ombe wao. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita hapa mwaka 1883, aliwakuta watu wakiishi mapangoni na akashangaa sana. Jina Elgon lenyewe limetokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaoti.

Ukishayajua haya, ukuta wa pango haukuonekanii tena kuwa jiwe tupu. Nimewaona watu wakifika Kitum, wakapiga picha mbili na kugeuka baada ya dakika tano wakisema hakuna kitu. Kitu kilikuwepo mbele ya macho yao, ila hakuna aliyekuwa amewaambia watazame nini.

Pili, amua kuhusu popo ukiwa bado nyumbani

Sehemu hii naomba isomwe kwa utulivu na hadi mwisho. Mapango ya Elgon yana popo wengi, wala-wadudu na wala-matunda. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya alishikwa na homa ya Marburg, ugonjwa mkali unaoletwa na virusi, na kufariki Nairobi, na daktari aliyemtibu akaambukizwa lakini akapona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark alifariki kwa ugonjwa huo huo. Wote wawili walikuwa wamezuru Kitum siku chache kabla ya kuugua. Miaka mingi baadaye watafiti walipata alama za virusi hivyo katika popo mla-matunda wa pango hilo hilo. Mwaka 2008 watalii wawili walioingia, kwa nyakati tofauti, katika pango la popo magharibi mwa Uganda waliugua ugonjwa huo, na mmoja wao, mwanamke Mholanzi, akafa.

Ugonjwa huu ni nadra sana, na maelfu ya watu wamezuru Elgon wakarudi makwao wazima. Hata hivyo ni ugonjwa unaoua kwa wastani nusu ya wanaoupata, na chanjo au dawa yake iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida haipo. Popo wenye virusi huvitoa kwa mate, mkojo na kinyesi. Isitoshe, kinyesi cha popo kilichokauka huota kuvu ambao vumbi lake likivutwa linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Kwa sababu hizi mbili, watafiti wanaoingia ndani huvaa mavazi ya kujikinga mwili mzima pamoja na vichujio maalumu vya hewa. Kitambaa ulichojifunga puani hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Uamuzi, basi, ufanyike nyumbani, na kila anayekwenda aujue. Mkifika pale, shauku hupanda, mwenzio mmoja akaanza kusema "hatua kumi tu", na hatua kumi zikawa hamsini. Nalisema hili kwa kuwa lilinipata. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na mpwa wangu, na tukavuka mpaka wa mwanga tukiwa na tochi moja ya simu. Hatukufika mbali. Buti langu liliteleza juu ya kinyesi cha popo kilicholowa, nikajishika ukutani kwa mkono mtupu, na kiganja kikachanika. Wakati ule nilikuwa sijui lolote kuhusu mwaka 1980 wala 1987. Nilikuja kujua tulipokwisha kurudi nyumbani, na wiki tatu zilizofuata nilikuwa nikijipima joto kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Kwa watoto wadogo, wajawazito na wenye pumu au kinga dhaifu ya mwili, ushauri wangu ni kwamba wafurahie msitu na waitazame midomo ya mapango kwa mbali, bila kukaa chini ya paa la mwamba.

Tatu, wakati na njia ya kufika

Miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari, na ndiyo mizuri kwa barabara na kwa miguu. Kuanzia mwisho wa Machi masika huanza, na upande huu wa nchi mvua huendelea kunyesha hata Julai na Agosti, wakati ambapo udongo mwekundu wa hifadhini hugeuka utelezi na gari dogo hukwama mahali pasipotarajiwa. Katika miezi hiyo chukua gari linalosukumwa kwa magurudumu yote manne, au ahirisha.

Kutoka Kisumu, njia ya kawaida ni kupitia Kakamega na Webuye hadi Kitale, na kutoka Nakuru ni kupitia Eldoret. Kitale ndiko mahali pa kulala, kununua chakula na kujaza mafuta. Mwenye nafasi ya nusu siku apite kwenye Jumba la Makumbusho la Kitale, lililotokana na mkusanyo wa Kanali Stoneham, aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926, aone vyombo na nyumba za jamii za huku kabla ya kupanda mlimani. Kutoka Kitale kuna matatu za Endebess, na kutoka Endebess bodaboda humfikisha mtu kwenye Lango la Chorlim. Safari yote kutoka Kitale ni takriban kilomita 30. Shida ya kwenda kwa matatu ni kwamba kutoka langoni hadi mapangoni kuna kilomita kadhaa za kupanda, katika msitu wenye nyati. Watu wanne au watano wakichanga na kukodi gari la siku nzima mjini Kitale, watakuwa wamejipunguzia shida kubwa.

Ukiweza, lala ndani ya hifadhi usiku wa kuamkia matembezi. Karibu na lango kuna mabanda ya Kapkuro, ambayo mgeni hujipikia mwenyewe, na kuna viwanja vya kupiga kambi. Anayelala pale huanza siku akiwa na nguvu, na asubuhi huamshwa na mngurumo wa mbega unaojibizana kutoka mti hadi mti kabla jua halijachomoza.

Nne, malipo na karatasi

Hifadhi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo wengi hulijua kwa herufi KWS. Viingilio hulipwa kwa njia ya mtandao, kupitia eCitizen, na M-Pesa inatosha, kwa hiyo usitegemee kulipa noti langoni. Bei hutofautiana kati ya raia, wakazi, na wageni kutoka nje, na kati ya watu wazima na watoto, nazo hubadilishwa mara kwa mara. Tazama bei ya wiki hiyo hiyo unayosafiri. Lipa ukiwa Kitale, penye mtandao wa uhakika, na uihifadhi risiti kwenye simu kwa namna ambayo itafunguka hata intaneti isipokuwepo. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi, kwa kuwa raia asiyekuwa nacho hana namna ya kuthibitisha kwamba anastahili bei ya raia.

Tano, vifaa

Viatu ndivyo vinavyotangulia: buti za kufunika vifundo, zenye soli yenye meno. Suruali iwe ndefu na soksi ziwe ndefu za kutosha kuchomekea suruali ndani, kwa ajili ya siafu na majani yanayowasha yaliyojaa kando ya njia. Beba koti la mvua hata mbingu ikiwa safi, maana uko juu ya mita 2,000 na wingu la mchana hushuka ghafla, na baridi ikifuatana na kulowa humaliza nguvu upesi. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, chakula kisicho na harufu kali, na mfuko wa kurudishia taka.

Kuhusu mwanga, ingawa hutaingia gizani, beba tochi mbili: ya kichwani kwa ajili ya dharura ya kuchelewa njiani, na ya mkononi yenye mwanga mwembamba, ambayo kazi yake nitaieleza tukifika ukutani. Ongeza barakoa nzito ya aina wanayovaa mafundi wa rangi au wahudumu wa afya, glavu, sabuni, chupa ya maji ya kunawia ambayo haichanganywi na ya kunywa, na darubini ya mkononi ukiwa nayo. Simu ijazwe chaji na ramani ipakuliwe mapema. Mtandao hupatikana sehemu za wazi na kupotea bondeni.

Sita, langoni

Fika mapema, lango likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, au angalau kabla ya saa tatu. Waulize askari wa wanyamapori mambo matatu: ndovu walionekana wapi jana jioni, barabara ipi imeharibika, na pango lipi limefungwa kwa wageni siku hiyo. Majibu hayo yana thamani kuliko ramani yoyote. Kisha omba askari mwenye silaha awasindikize, kwa malipo yake.

Najua mtu atauliza: kama nimeamua kujiongoza, askari wa nini? Jibu ni kwamba askari hakuondolei uhuru wako. Wewe ndiye unayechagua pango, mwendo na mahali pa kupumzika. Yeye kazi yake ni kuusikiliza msitu wakati wewe unatazama ukuta, na mtu mmoja hawezi kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Mimi humchukua kila safari. Akikwambia ngoja, ngoja, hata kama husikii kitu.

Mwachie pia mtu wa nje, awe mwenye nyumba ulikolala au ndugu yako mjini, jina la njia mnayopita na saa mtakayokuwa mmetoka.

Saba, njia ya msituni

Acha gari kwenye maegesho yaliyo karibu na njia ya mapango na uendelee kwa miguu. Si mwendo mrefu, lakini usiukimbilie. Msitu huu una mierezi, mipodo na ule mti mkubwa ambao watu huuita tiki ya Elgon, ingawa kwa ukoo ni wa jamii ya mizeituni. Mingine imezeeka hata watu wanne wakishikana mikono hawaizungushi shina. Juu ya matawi utawaona mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni na mikia ya manyoya marefu. Mwenye bahati na utulivu huenda akamwona kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya chungwa, ambaye hupenda kando ya vijito na hukaa kimya asionekane. Nyani hawahitaji bahati. Wapo, na wanajua mkate unakaa mfuko gani.

Tembeeni kwa safu, mkiongea kwa sauti ya chini lakini si kwa kunyata, kwa sababu mnyama anayeshtukizwa ndiye wa hatari. Kila baada ya mwendo fulani simama, sikiliza, tazama chini. Chini ndiko habari zilipo. Kinyesi cha ndovu kilichokauka huwa chepesi, cha rangi ya majani makavu, na ukikigusa kwa fimbo huachana nyuzi nyuzi. Kinyesi kibichi ni kizito, cha kijani kilichoiva, kina unyevu unaong'aa na nzi wamekwisha kufika, na asubuhi ya baridi huweza kufuka mvuke. Ukikuta cha aina hii ya pili kwenye njia ya kuingia pangoni, safari ya kuliendea pango hilo imekwisha kwa wakati huo. Rudini mlikotoka, mkae saa mbili mahali pa wazi, au mwende pango jingine. Matawi yaliyovunjika ambayo ngozi yake bado ina utomvu yana maana hiyo hiyo.

Mkikutana na ndovu ana kwa ana, msimkaribie kwa ajili ya picha na msipige kelele. Rudini nyuma taratibu, mkimwachia njia iliyo wazi kabisa ya kwenda anakotaka. Nyati peke yake ni mkorofi kuliko kundi, na kinga ya karibu ni shina kubwa la mti. Kanuni iliyo kuu hapa ni kutosimama kati ya mnyama na mlango wa pango, akiwa ndani au akiwa nje.

Nane, mdomoni mwa Kitum

Saa nzuri ya kufika ni kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Ndovu huingia zaidi usiku, na katika saa hizo mwanga hufika mbali kidogo zaidi ndani, wakati mvua ya alasiri bado haijaanza.

Kabla hujapita chini ya paa, simama nje dakika kumi. Askari atangulie kusikiliza. Ndani ya pango ndovu husikika kabla hajaonekana: mawe yanayosagika, tumbo linalonguruma, pumzi. Chui na fisi nao hujua kwamba wanyama hupita hapa, na kwa hiyo vichaka vya pembeni vikaguliwe kwa macho. Kukiwa kimya, vaa barakoa na glavu, vuta kofia, na ingia hadi pale ambapo bado unaweza kusoma saa yako ya mkononi bila tochi. Hapo ndipo mpaka. Nimekuwa nikitumia kipimo hiki cha saa ya mkononi kwa sababu hakibishaniwi. Kila mmoja anaweza kujipima, na aliyeshindwa kusoma anarudi hatua tatu.

Sasa toa ile tochi nyembamba. Usiielekeze ukutani moja kwa moja, kwa sababu mwanga wa namna hiyo hufanya mwamba wote uonekane bapa. Iweke karibu na ukuta, ubavuni, ili mwanga upite juu ya uso wa jiwe kama jua la jioni linavyopita juu ya shamba lililolimwa. Ghafla ukuta unajaa mifereji. Ni mifupi, ya upana wa vidole viwili au vitatu, imelala mshazari, mingine ikikatana na mingine, makumi kwa mamia, kuanzia usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kila mmoja ni pigo la pembe. Mingine ina kingo kali na rangi mbichi, na mingine imelainika kwa kusuguliwa na ngozi za wanyama waliopita baadaye. Tazama urefu ulipoishia: hapo ndipo ndovu mzima alipofikia. Tafuta na iliyo chini, myembamba, ya kujaribu jaribu, iliyoachwa na wanaojifunza. Mpwa wangu, tuliporudi pamoja mwaka uliofuata tukiwa tumejiandaa, alikaa mbele ya mifereji hiyo ya chini kwa muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya kitu kingine chochote mlimani.

Angalia pia sakafu. Vumbi lake laini huhifadhi nyayo: duara kubwa za ndovu na kwato zilizogawanyika za nyati na pongo. Usizikanyage, na usilitimue vumbi. Penye mawe makubwa yaliyotawanyika juu ya sakafu, jua kwamba yametoka juu, na paa lililokwisha kuangusha jiwe linaweza kuangusha jingine, hivyo usikae chini ya mwamba wenye nyufa. Ndani zaidi, gizani, kuna ufa mrefu ambao watoto wa ndovu wamewahi kutumbukia wakafia humo. Ndovu anayepapasa kwa mkonga hutumbukia, sembuse mtu mwenye tochi ya simu.

Kuna mambo ya kujiepusha nayo, na sitayarefusha. Usiguse popo, aliye hai au aliyekufa. Usiwamulike wakiwa wamelala. Usile, usinywe, usivute sigara chini ya paa, na usijipanguse uso kwa glavu. Usilambe mwamba kujaribu chumvi, jambo ambalo nimeliona likifanywa. Usiandike jina. Usichukue jiwe. Dakika ishirini zinatosha. Ukitoka, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, vua barakoa kwa kushika kamba, tia vyote katika mfuko wa kufungwa, nawa kwa sabuni, ndipo ushike chupa ya maji.

Tisa, Makingeny na mapango mengine

Wakipenda kuchagua pango moja tu, wengi huchagua Kitum kwa ajili ya jina lake. Mimi ningemwambia mwenye muda mfupi aende Makingeny. Mdomo wake ni mpana mno, na mbele yake maji hudondoka kutoka ukingo wa juu kama pazia jembamba, yakivunjika juu ya mawe yaliyoota ukoka na kangaga. Mtu aliyesimama nyuma ya pazia hilo, akiangalia nje, anauona msitu mzima ukitikisika kupitia maji. Papo hapo anaona pia namna mapango haya yanavyoanza: juu kuna tabaka gumu la lava, chini yake tabaka laini la majivu, na maji yanayodondoka huila ile laini kwanza. Ndovu na watu walikuja baadaye kupanua. Mawe ya hapo huteleza vibaya, kwa hiyo shika mwendo wa hatua moja moja na uuache mkono mmoja uwe huru.

Chepnyalil na Ngwarisha yana wageni wachache zaidi na njia zake hufichwa na majani. Yaendee tu kama askari amekubali na saa haijapita nane mchana. Nguvu zikibaki, ni bora kuzitumia kupanda hadi mahali panapoitwa Elephant Platform, ambako hali ya hewa ikiwa safi tambarare ya Trans Nzoia hutandazika chini yako, mashamba ya mahindi yakiwa viraka viraka hadi upeo wa macho.

Kumi, kutoka na siku 21 zinazofuata

Uwe nje ya lango kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kupanda gari, kwangua matope ya buti kwa kijiti na uzioshe soli kwa maji na sabuni, ili usipeleke uchafu wa pangoni sebuleni kwako wala katika pango jingine utakalozuru. Nguo za siku hiyo zifungwe peke yake na zifuliwe kwa maji moto.

Ukifika nyumbani, andika tarehe kwenye kalenda, kisha hesabu siku 21 mbele na uitie alama siku ya mwisho. Dalili za Marburg huanza kati ya siku ya pili na ya ishirini na moja: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, misuli kuuma, baadaye kutapika na kuhara. Kwetu magharibi dalili hizo kwanza hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo, na mara nyingi sana ndivyo ilivyo. Lakini ukishikwa na homa ndani ya siku hizo, usinunue dawa dukani na kungoja. Ipigie simu hospitali kabla hujaenda, uwaambie kwa maneno haya haya: nilikuwa katika pango lenye popo Mlima Elgon, tarehe fulani. Waeleze na wanaoishi nawe, wasikuguse kwa mikono mitupu hadi upimwe. Kalenda yangu ya jikoni ina duara la wino mwekundu kwa kila safari niliyofanya, na siku ya ishirini na mbili mpwa wangu hunipigia simu kuuliza kama nimeshalikata.